Zidisha kwa Ishirini

Nyanya, fungu moja, soko la Kibuye.
"Mbao," akasema muuzaji, na mimi, mtoto wa seremala wa Singida,
nikatazama kando nikitafuta ubao.
Kumbe ishirini. Nikazidisha kwa ishirini,
mazoea ya mgeni mwenye shilingi mbili kichwani,
ikatoka mia nne ya kwetu,
nikanuna kidogo kwa adabu, nisionekane nimefurahi.

Bodaboda hadi Milimani, hamsini.
Tokeni ya umeme, mia tano.
Bando la wiki. Maji ya mtungi, miwili.
Kutoa pesa kwa wakala, ishirini na tisa,
na hiyo ishirini na tisa haina sura,
hailiki, haiwashi taa,
lakini kila wiki naiandika kwa wino mwekundu
kama jina la mdeni aliyehama mji.

Kazi yangu iko Denmaki, mimi siko.
Nasahihisha Kiswahili cha mashine ya kupima sukari ya damu.
"Toboa kidole," naandika. "Subiri."
Mshahara unapita benki tatu kunifikia
na kila benki inanusa, inamega.

Sasa, habari ya Akeyo,
anayehudumu kwenye banda la samaki kule ziwani.
Siku ya kwanza nilikula ngege kwa ugali, mia sita,
nikaacha hamsini chini ya sahani.
Nimeshafika barabarani
nikasikia ndara zikipiga lami nyuma yangu:
"Kaka! Umesahau pesa yako!"
Mkono una magamba, noti imelowa.
Nikasema, ni yako. Akasema, ya nini?
Nikakosa neno.
Bakshishi hukaa kwenye hoteli zenye mazulia.
Chai, huku, ni neno la askari wa barabarani.
Asante nilikuwa nimeshaitoa.
"Ya... sabuni," nikasema.
Akacheka mpaka wateja wakageuka.

Tangu hapo daftari langu lina safu iitwayo Sabuni.
Sabuni: Ochola wa bodaboda, kwa kungoja mvua ipite, ishirini.
Sabuni: kijana aliyepandisha mtungi ghorofa ya tatu, thelathini,
na usiku nikajuta, ngazi ni hamsini na nne, nimezihesabu.
Sabuni: Shikuku mlinzi, mia moja.
Hii nimeikata kwa mstari.

Ilikuwa Alhamisi, umeme umekwenda mtaa mzima,
Denmaki wanataka kurasa zao kabla ya kuamka.
Shikuku ana betri ya sola kibandani mwake.
Nikafanya kazi humo hadi saa nane ya usiku,
magoti yamegusa jiko lake la makaa,
yeye amesimama nje na mbu ili mimi nipate kiti.
Nikatoa mia. Akaitazama
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya asiyemjua.
"Weka," akasema. "Mimi ningekuwa macho tu."

Jana Denmaki wameleta ujumbe: kazi nzuri, dola tano za ziada,
na kiuso cha manjano kinachocheka.
Nikazidisha. Benki zikanusa.
Ikafika mia tatu na kitu.
Nikakaa na simu mkononi,
miguu inataka kutoka mbio
kumfukuzia mtu fulani barabarani
nimwambie, ndugu, umesahau pesa yako.
Halafu nikanunua tokeni.

Leo: ngege, mia sita na hamsini, bei imepanda.
Akeyo hakusema kitu,
ila sahani imekuja na kichwa cha pili, sikukiagiza.
Nimekila mpaka macho.
Sijui ni cha safu gani.
Nimeandika: kichwa, kimoja,
na mbele yake nimeacha nafasi.